Waliahidi, Wakashindwa: Maswali Yenu Kuhusu Bima ya Afya Marekani

Tangu shughuli za serikali ya Marekani ziliposimama kwa siku 43, kuanzia 1 Oktoba 2025, kwa ugomvi wa ruzuku za bima ya afya, barua zimekuwa zikitufikia kutoka nyumbani na ughaibuni. Tumechagua sita.

Shikamooni wahariri. Tangu 2010 Warepublican waliapa kuifuta Obamacare, sheria ya bima ya afya aliyoisaini Rais Barack Obama mwaka huo. Mwaka 2017 walishika Ikulu, Seneti na Baraza la Wawakilishi, vyote kwa pamoja. Mbona haikufutwa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Jibu liko kwenye hesabu ya Seneti. Seneti ina viti 100, na muswada wa kawaida unaweza kukwamishwa mpaka maseneta 60 wakubali mjadala ufungwe. Warepublican walikuwa na 52. Njia iliyobaki ilikuwa ile ya muswada wa bajeti, ambao hupita kwa wingi wa kawaida lakini unaruhusiwa kubeba mambo ya mapato na matumizi ya serikali tu. Kodi, faini na ruzuku zingeweza kuondolewa kwa njia hiyo. Masharti yanayozibana kampuni za bima, kama lile la kumpokea mtu aliyekwisha kuugua kisukari au saratani, hayakuingia humo kirahisi. Kwa hiyo ahadi ya kung'oa sheria nzima ilikuwa haitekelezeki kwa kura walizokuwa nazo, na viongozi wa chama walilijua hilo.

Tena wenyewe kwa wenyewe hawakuwa na kauli moja. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wake tarehe 4 Mei 2017 kwa kura 217 dhidi ya 213. Ofisi ya Bajeti ya Congress ikakadiria kwamba ungeongeza watu milioni 23 wasio na bima kufikia 2026. Maseneta wa majimbo yaliyokwisha kupanua Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wakaanza kusita. Usiku wa manane kuamkia 28 Julai, muswada uliokuwa umepunguzwa mpaka ukabaki mifupa ulianguka kwa kura 49 dhidi ya 51. Warepublican watatu waliukataa: Susan Collins, Lisa Murkowski na John McCain. McCain alisimama mbele ya meza ya makarani, akanyoosha mkono, akageuza kidole gumba chini. Desemba mwaka huohuo sheria ya kodi ilishusha faini ya asiye na bima hadi sifuri, kuanzia 2019. Hicho ndicho kipande walichofanikiwa kukiondoa.

Kwa maoni yetu, kosa lao kubwa ni kwamba kwa miaka saba hawakuandika mbadala ambao wao wenyewe wangeupigia kura. Kwenye mdahalo wa Septemba 2024 Donald Trump aliulizwa tena mpango wake uko wapi, akajibu kuwa ana mawazo tu ya mpango.

Na Obama je? Aliahidi kwamba anayeipenda bima yake atabaki nayo. Alidanganya? (Msomaji, Nairobi)

Ahadi hiyo ilikuwa na kasoro tangu ilipotamkwa. Sheria ilizisamehe matakwa yake mapya bima zilizokuwepo kabla ya 23 Machi 2010, ila kwa masharti: kampuni ikipunguza mafao au ikipandisha mno kiasi anachochangia mgonjwa, msamaha unakufa. Bima ambazo watu hujinunulia wenyewe hubadilika kila mara, na serikali yenyewe ilikadiria mwaka 2010 kwamba asilimia 40 hadi 67 ya bima za aina hiyo zingepoteza msamaha. Mwishoni mwa 2013 mamilioni ya watu wakapokea barua za kusitishiwa bima. Nyingi ya hizo bima zilikuwa dhaifu, baadhi hazikulipia hata uzazi, lakini mwenye nazo alikuwa ameambiwa atabaki nazo. Novemba 2013 Obama aliomba radhi kwenye televisheni. Angesema "wengi wenu mtabaki na bima zenu" angekuwa mkweli, maana Wamarekani wengi wenye umri wa kazi hukatiwa bima na waajiri.

Mimi niko Houston, kaka yangu yuko Ohio. Sote hatuna watoto, kila mmoja anapata kama dola 14,000 kwa mwaka. Yeye ana Medicaid, mimi naambiwa sistahili chochote, hata ruzuku. Inakuwaje maskini akose kwa sababu ni maskini mno? (Msomaji, Texas)

Pole, ndugu. Umeangukia kwenye pengo ambalo walioandika sheria hawakulikusudia. Sheria ya 2010 iliyataka majimbo yote yampe Medicaid kila mtu mzima ambaye kipato chake hakizidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini. Kwa viwango vya 2025 hiyo ni dola 21,597 kwa mtu mmoja. Ruzuku za soko la bima, yaani soko la kiserikali ambako watu hujinunulia bima wenyewe, ziliwekwa kwa walio kwenye asilimia 100 kwenda juu, yaani kuanzia dola 15,650, kwa kuwa walio chini ya hapo walidhaniwa watabebwa na Medicaid. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jimbo haliwezi kulazimishwa. Majimbo 40 pamoja na Washington DC yalipanua. Texas, Florida, Georgia na mengine saba hayakupanua kama sheria ilivyotaka. Texas haimpi Medicaid mtu mzima asiye na mtoto kama si mjamzito, mlemavu au mzee, hata awe hana senti.

La kufanya: piga hesabu ya mapato yako yote halali, pamoja na vibarua vya jioni na bakshishi unazozitangaza kwenye kodi. Ukitarajia kwa haki kufika dola 15,650, unaingia kwenye ruzuku, na kwa kipato cha chini hivyo bima inakuwa ya bei ndogo sana. Usiandike kipato usichokitarajia. Mfumo hulinganisha na rekodi za kodi na utadaiwa vielelezo. Kama hufiki, tafuta kituo cha afya cha jamii, ambako malipo hupangwa kwa kipato.

Je, ni kweli ruzuku za bima walikuwa wakipewa wahamiaji wasio na vibali? (Msomaji, Mwanza)

Si kweli. Sheria ya 2010 inawakataza, na hawaruhusiwi hata kununua kwenye soko hilo kwa bei kamili. Hospitali inalazimika kumhudumia yeyote aliye katika hali ya dharura, kwa sheria ya 1986, na baadhi ya majimbo hutumia fedha zake yenyewe kuwahudumia.

Naendesha lori Columbus, najilipia kodi mwenyewe. Januari 2026 bima yangu ilipanda vibaya sana. Bosi anasema ni Biden, mke wangu anasema ni Trump. Nifanye nini? (Msomaji, Ohio)

Wote wana kipande cha ukweli. Mwaka 2021 Wademocrat, chama cha Biden, waliongeza ruzuku ili mtu asilipe zaidi ya asilimia 8.5 ya kipato kwa bima ya kiwango cha kati, lakini wakaiwekea tarehe ya kufa ili gharama ionekane ndogo kwenye vitabu. Mwaka 2022 wakaisogeza hadi mwisho wa 2025. Warepublican, chama cha Trump, walikuwa na madaraka yote 2025 na hawakuiongezea muda. Desemba 2025 Seneti ilipigia kura pendekezo la kila chama, yote mawili yakashindwa kufika 60.

Kwa bima ya 2026 ukomo wa zamani ulirudi: mtu mmoja akizidi dola 62,600, familia ya watu wanne ikizidi 128,600, ruzuku inakuwa sifuri. Hapo ndipo madereva wanapoumia. Zamani ukikadiria kipato pungufu, kiasi cha kurudisha kilikuwa na kikomo kwa walio chini ya mstari huo. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 kikomo hakipo. Ukikadiria 60,000 ukamaliza na 63,000, unarudisha ruzuku yote ya mwaka mzima kupitia fomu ya kodi namba 8962.

Kinachohesabiwa ni faida baada ya kutoa dizeli, matengenezo, bima ya lori na gharama nyingine za biashara, kwa hiyo tunza risiti kila mwezi. Kipato kikibadilika, kirekebishe kwenye akaunti yako ya soko la bima bila kungoja Aprili, mwezi wa kuwasilisha kodi. Na ukiona unaukaribia mstari, michango kwenye akaunti ya kustaafu ya aina ya kawaida inashusha kipato kinachohesabiwa. Vivyo hivyo akaunti ya akiba ya matibabu, ambayo tangu 2026 inaruhusiwa kwa bima zote za ngazi ya shaba (zenye malipo madogo ya kila mwezi) zinazouzwa sokoni.

Sisi ni wakimbizi kutoka Kongo, tuliingia 2023. Tunasikia Medicaid itakatwa Oktoba. (Mama wa watoto wanne, Des Moines)

Mama, ni kweli. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inaondoa fedha za shirikisho za Medicaid kwa wakimbizi wasio na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kuanzia 1 Oktoba 2026. Ruzuku za soko la bima nazo zinawafungia wakimbizi hao 1 Januari 2027.

Mkimbizi huomba kadi kwa fomu I-485 baada ya kukaa mwaka mmoja nchini, bila ada. Lakini mwishoni mwa 2025 serikali iliagiza mafaili ya wakimbizi walioingia kati ya 2021 na mwanzo wa 2025 yapitiwe upya na maombi yao ya kadi yasimame. Ninyi mmo kwenye kundi hilo, basi zungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji wa shirika lililowapokea. Uliza ofisi ya Medicaid kando kuhusu watoto na ujauzito, maana kanuni zao si zilezile za watu wazima. Fungua kila barua ya ofisi hiyo siku inapofika, na uhakikishe anwani yenu waliyo nayo si ile ya nyumba mliyohama.

Medicaid ikikatwa, mna siku 90 za kuingia HealthCare.gov, tovuti ya soko la bima. Na mgonjwa akilazwa bila bima, omba fomu ya msaada wa kifedha kabla hamjalipa chochote au kusaini mpango wa malipo. Hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa na sheria ya kodi kuwa na utaratibu huo kwa maandishi.