Kwenda Broken Hill kwa Treni: Jipe Wiki Nzima

Kila anayeniuliza kuhusu safari ya treni kutoka Sydney kwenda Broken Hill, mji wa machimbo ulioko kwenye nyika kame ya magharibi mwa jimbo la New South Wales, namwambia aanze na ratiba kabla ya kuulizia nauli. Treni ya abiria ya jimbo huondoka Jumatatu alfajiri, hukata kilomita 1,125 kwa mchana mmoja, hulala huko, na Jumanne asubuhi hugeuza kurudi Sydney. Ya pili haiji hadi Jumatatu ifuatayo. Kwa hiyo utalala usiku mmoja, au utakaa wiki. Nakusihi ukae wiki, kwa sababu anayelala usiku mmoja hufika jioni, akala, akalala na kuondoka bila kuuona mji.

Ukifika, rudisha saa yako nyuma kwa nusu saa, kwani Broken Hill hufuata saa za Australia Kusini. Ukisafiri Juni au Julai, giza litaingia kabla hujafika, na nyika ya kuelekea Menindee, mji mdogo ulio njiani kabla ya Broken Hill, itakupita usiku. Usihuzunike, maana wakati wa kurudi utaipita asubuhi. Kaa dirishani, uwatazame kangaruu na emu, ndege wakubwa wasioruka, kwenye udongo mwekundu. Desemba hadi Februari sishauri kabisa, kwa kuwa joto huweza kuvuka nyuzi 40.

Mjini, anza na kifusi. Mwaka 1883 Charles Rasp, mfanyakazi wa shamba la kondoo, aliweka alama za kumiliki kilima kilichokuwa na fedha, risasi na zinki, na mwaka 1885 ikazaliwa hapo kampuni ya uchimbaji madini ya BHP. Kilima chenyewe kimekwisha kuchimbwa, na mahali pake pamebaki mlima wa mabaki ya mgodi unaougawa mji sehemu mbili. Juu yake upo mnara wa kumbukumbu wenye majina ya wachimbaji zaidi ya 800 waliofia kazini. Soma polepole, jina baada ya jina. Mimi sijaona mahali pengine panapoeleza kwa uwazi namna hiyo gharama ya madini.

Ukishuka, pita kwenye mitaa iliyopewa majina ya madini na kemikali, kama Argent, Oxide na Sulphide, hadi Trades Hall, jengo la vyama vya wafanyakazi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mgomo mkubwa wa 1919 hadi 1920, uliodumu takriban miezi 18, uliwapatia wachimbaji wiki ya kazi ya saa 35.

Silverton, mji wa machimbo uliobaki na wakazi wachache, uko kilomita 25 hivi kutoka hapo. Utahitaji gari, basi likodi mapema, ujaze mafuta mjini, na ubebe maji ya kutosha hata kama unakusudia kurudi kabla ya saa sita mchana.