Maswali ya Wasomaji: Barua Pepe ya Shule na Meseji za Wazazi

Swali: Mimi ni naibu mwalimu mkuu wa sekondari ya bweni hapa Busia, wanafunzi 600. Barua za shule hupitia Gmail binafsi ya katibu. Sasa kuna fundi anataka kutuuzia "mfumo kamili" wa barua pepe na meseji. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na domeini, yaani jina la shule kwenye intaneti, lile linalokuja baada ya @; mfumo utafuata. Shule za Uganda zina tawi lao, .sc.ug. Isajiliwe kwa jina la shule, na mawasiliano yawe ya ofisi, si ya fundi. Hapo ndipo wengi hunaswa: fundi akikosana na shule, domeini inabaki mikononi mwake na barua zote zinakwama.

Sanduku la barua msilinunue. Vifurushi vya barua pepe vya Google Workspace for Education Fundamentals na A1 ya Microsoft ni vya bure kwa shule iliyothibitishwa, basi wekeni tayari hati za usajili wa shule. Kama walimu wenu hutunga mitihani kwa Word bila intaneti, jueni kwamba A1 hutoa Word ya kwenye kivinjari tu, si ya kusakinisha kwenye kompyuta. Walimu wakiwa na simu nyingi kuliko kompyuta, sisi tungechukua Google. Ile barua pepe ya bei rahisi inayouzwa pamoja na tovuti tungeikwepa: seva (kompyuta inayotuma barua) ni ya wateja wengi, na mmoja akituma barua taka, zenu nazo zinakataliwa.

Fundi akishaelekeza rekodi za MX (zinazosema barua za domeini zipelekwe wapi), mdaini SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu) na DKIM (saini ya kidijitali inayothibitisha barua ni yenu). Bila hizo, barua zenu huishia kwenye taka. Kosa tunaloliona sana ni SPF mbili, moja ya Google na nyingine iliyoongezwa na programu ya karo. Domeini huruhusiwa rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, ukaguzi unafeli kabisa. Ziunganishwe katika mstari mmoja: v=spf1 include:_spf.google.com, kisha include ya programu ya karo, mwisho ~all. DKIM ya Google nayo haijiwashi. Lazima msimamizi aingie kuiwasha.

Anwani za ofisi@ na mhasibu@ zifanyeni makundi yanayopokewa na watu wawili, ili katibu akiondoka barua zisiondoke naye. Wasimamizi wakuu wawe wawili vilevile, wenye uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha msimbo wa simu), na misimbo ya akiba ichapishwe ifungiwe kwenye sefu. Laini ya simu hupotea.

Kwa wazazi, barua pepe haitoshi. Mwenye katochi (simu ndogo isiyo na WhatsApp) husoma SMS tu. Lakini hesabuni herufi: SMS moja hubeba 160, na ikiingia alama moja ya ajabu, kikomo hushuka hadi 70. Alama hizo ni kama ŋ ya Kiganda, au ile koma ya juu iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe kwenye "ng'ombe". Meseji kama hiyo ya herufi 150 inagawanyika sehemu tatu, na kwa wazazi 600 mnatozwa 1,800. Andikeni moja kwa moja kwenye mfumo wa SMS, msinakili kutoka Word. Huyo fundi mwulizeni bei kwa kila sehemu, si kwa kila meseji.

Swali: Shule yetu ya msingi Tororo hutumia orodha ya kutangaza ya WhatsApp, lakini nusu ya wazazi husema hawapati kitu. Tatizo ni nini?

Jibu: Orodha hiyo humfikia tu aliyeihifadhi nambari ya shule kwenye simu yake. Siku ya kufungua shule, kila mzazi aihifadhi papo hapo mbele ya karani. Kundi la kawaida halina shida hiyo, ila wekeni wasimamizi pekee ndio waandike, na ombeni ridhaa ya wazazi kwanza: kila mwanachama huona nambari za wenzake, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawahusu. Tangazo la tarehe au karo litumeni kwa SMS pia. Intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, WhatsApp ilinyamaza kwa siku kadhaa.