CH2 zilizopotea ukingoni mwa HSQC

Ndugu, unauliza kwa nini CH2 (kaboni zenye protoni mbili) za mululuza wenu wa Masaka, ule mmea mchungu wa dawa, hazionekani ukingoni mwa HSQC, yaani ramani ya NMR inayooanisha kila protoni na kaboni iliyoibeba. Hazijapotea. Katika HSQC ya kutenganisha alama (chanya na hasi), CH na CH3 huelekea upande mmoja, CH2 upande wa pili, na projeksheni uliyochora (mstari wa muhtasari kando ya ramani) ni ya chanya tu. Ongeza ya hasi. Afadhali zaidi, kama sampuli ilitosha kupima spektra ya kawaida ya kaboni-13, ya mhimili mmoja (mara nyingi haitoshi, najua), iweke ukingoni: kwenye TopSpin, programu ya kuchakata NMR, bofya kulia eneo la projeksheni, uchague projeksheni ya nje. Mistari itakuwa myembamba, na kabonili ya esta itaonekana ingawa haina doa ndani ya ramani, maana haibebi protoni. Vilele vikibanana, kata safu moja penye doa, uisome peke yake.