Kukonda si uzee

Wiki hii mmeuliza paka huanza kuzeeka lini na matunzo yake yabadilike vipi. Kwa kukadiria, mwaka wake wa kwanza ni kama miaka 15 ya binadamu, wa pili humfikisha 24, kisha kila mwaka huongeza 4. Paka wa miaka 10 basi ni mtu wa 56, na akivuka hapo huhesabiwa mzee.

Utotoni makosa ni yale yale: maziwa ya ng'ombe, ambayo humharisha, na kuchelewesha chanjo. Chakula laini kianze wiki ya 4. Chanjo ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka avuke wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa wiki ya 12. Jike afungwe kizazi kabla ya miezi 5, la sivyo atawaletea wajukuu.

Paka mzima anahitaji nyama au samaki. Ugali wenye mchuzi wa dagaa humjaza tumbo tu. Akikosa taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, macho na moyo huharibika. Dume akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Njia ikiziba, huweza kufa ndani ya siku chache.

Uzeeni ndiko watu wanakopotea. Paka anakonda, wenyewe wanasema "amezeeka huyo." Mpime kila mwezi: mweke kwenye kikapu, kitundike kwenye mizani ya ndoano, kisha toa uzito wa kikapu. Mizani ya bafuni haifai sana, kwa sababu gramu 200 huipita bila kuonekana. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua 7.

Akila kwa pupa huku anakonda, na usiku analialia, shuku tezi ya shingo. Akinywa maji kupita kawaida na mchanga wake wa choo ukilowa haraka, shuku figo au kisukari. Akisogelea sahani kisha akaacha, mfunue mdomo utazame meno. Vipimo vya damu na mkojo ndivyo vitakavyoamua.

Asiporuka tena dirishani, mara nyingi ni viungo vinauma. Mwekee kigoda cha kukanyagia na beseni la mchanga lenye ukingo mfupi. Mkague kucha kila wiki 2, kwani za mzee hunenepa, hujikunja na kuchoma nyayo. Parasetamoli usimpe hata kipande: kidonge kimoja kinatosha kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini nayo ni sumu kwake, awe mzee au kinda.