Nyaya kumi na moja

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama adhabu za uwindaji haramu katika hifadhi za taifa ziongezwe, nililisoma kwa sauti nikiwa nyumbani kwetu wilayani Serengeti, na hakuna aliyelipokea kwa utulivu. Naomba nijibu swali lililo jirani nalo: adhabu zilizopo zinampata nani?

Kwa asiyezijua kesi za huku kwetu, hati ya mashtaka aghalabu huwa na makosa matatu: kuingia hifadhini bila kibali, kukutwa na silaha humo ndani (panga na nyaya za mitego zinatosha), na kukutwa na nyara za serikali, yaani mnyamapori au sehemu yake yoyote, hata nyama, kinyume cha kifungu cha 86 cha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hilo la tatu ndilo lenye meno. Thamani hupigwa kwa mnyama mzima hata kama kilichokamatwa ni mguu mmoja, na kesi nyingi zimemhesabu nyumbu kwa dola 650 za Marekani, kiasi kinachotosha kumpeleka mtu jela miaka 20. Wakati huohuo mgeni mwenye leseni humpiga risasi nyumbu wake katika kitalu cha uwindaji kilichomo ndani ya pori la akiba, akapiga naye picha, na pembe zikamfuata kwao. Nilikusudia kuandika hayo tu, kwa hasira, kisha nitie sahihi.

Ila nimekumbuka jioni moja nikiwa darasa la sita. Mbuzi watatu wa bibi walikuwa wamevuka mpaka wa hifadhi, nasi na baba mdogo tukawafuata (kisheria, kosa la kwanza tulikuwa tumeshalitenda). Tulimsikia kabla ya kumwona: nyumbu jike, waya shingoni, ncha ya pili imefungwa kwenye shina la mgunga. Alikuwa amezunguka hadi majani yakaisha, akaacha duara la udongo mtupu lililosawazika kama uwanja wa kupuria ulezi. Waya ulikuwa wa tairi lililochomwa, bado unanuka mpira, na ulikuwa umezama shingoni kiasi kwamba sehemu nyingine hauonekani. Baba mdogo alijaribu kumsogelea ili aukate kwa panga. Kila alipopiga hatua mnyama alijivuta, na waya ukazidi kuzama. Akaacha. Tukatembea kufuata kichaka akihesabu kimoyomoyo: nyaya kumi na moja. Tatu zilikuwa na mizoga, mmoja wa swala aliyebaki ngozi na nzi, kwa kuwa mwenye mitego hakuwa amerudi kuitazama. Baba mdogo aliijua ile namna ya kufunga fundo. Ilikuwa ya jirani yetu, ambaye kwenye msiba wa babu alituletea kimoro, nyama kavu ya porini, nasi tukala tukamshukuru. Tulirudi na mbuzi wawili, na hakusema neno mpaka nyumbani.

Jirani huyo alikuja kukamatwa miaka mingi baadaye, akafungwa, kisha akaachiwa kwenye rufaa kwa sababu nyama iliteketezwa bila yeye kufikishwa mbele ya hakimu aliyetoa amri, jambo ambalo Mahakama ya Rufani imekwisha kulikemea. Siku aliporudi nilishangilia na wenzangu, halafu usiku nikaliona lile duara.

Basi, ingawa nilianza upande wa pili, mtega nyaya simpunguzii hata mwaka mmoja, maana waya hauchagui dume wala jike mwenye mimba, na swala yule hakuingia chungu cha mtu yeyote. Nasema hivyo nikijua kwamba mtu huyohuyo tembo wakimmalizia mtama, kanuni za mwaka 2011 zilimpa kifuta jasho, malipo ya pole ya serikali, kwa shamba lisilozidi ekari 5, na kwamba hata jina lenyewe lilichaguliwa ili isiitwe fidia. Hilo lirekebishwe kwanza, au angalau kwa pamoja. Kuongeza adhabu, hapana; sioni miaka 30 itamtisha vipi asiyetishwa na 20. Kupunguza ningekubali kwa mmoja tu, yule aliyekutwa na kipande jikoni bila mtego wala silaha, ambaye kwa sasa hakimu, hata akimhurumia, hawezi kushuka chini ya kima kilichowekwa. Nakiri pia kwamba kile kimoro cha msibani kiliiva jikoni kwetu.

Msomaji wenu, Serengeti