Kwa Unayeanza Kufuatilia Kesi za Kukashifu Dini Pakistan

Ukiingia kwenye kazi hii, kila mtu atakuuliza Uislamu unasemaje. Swali lina mahali pake, lakini wewe anza na Kanuni ya Adhabu. Sura yake ya makosa ya dini iliandikwa na Waingereza mwaka 1860, na kifungu cha 295-A, kuhusu kuudhi hisia za kidini, kikaongezwa 1927. Hicho kinadai kusudi na nia mbaya vithibitishwe. Makali yalikuja enzi za mtawala wa kijeshi, Jenerali Zia-ul-Haq: 295-B mwaka 1982, kifungo cha maisha kwa kuinajisi Qurani, kisha 295-C mwaka 1986, kuhusu kumkashifu Mtume, ambacho hakitaji nia kabisa. Mwaka 1990 Mahakama ya Shirikisho ya Sharia ikaamua adhabu ya kosa hilo ni kifo tu.

Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu kama wanazuoni walivyoifafanua, isome baadaye, na uisome kwa adabu. Utakuta Imamu Abu Hanifa, ambaye Wasunni wengi wa Pakistan wanafuata madhehebu yake, hakuona kwamba asiye Mwislamu anayeishi chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu hupoteza ulinzi huo kwa sababu ya tusi. Wanaodai wanazuoni wote wamekubaliana wanaruka ukurasa huo.

Halafu kaa na hukumu moja uisome neno kwa neno. Nakushauri ile ya Asia Bibi, mama Mkristo aliyegombana na wanawake wenzake shambani kwa ajili ya maji, Juni 2009. Alidaiwa kumtukana Mtume katika ugomvi huo. Aliyepeleka malalamiko polisi ni imamu ambaye hakuyasikia maneno hayo kwa masikio yake, na alikwenda siku kadhaa baadaye. Mashahidi walisema Asia Bibi alikiri mbele ya mkutano wa hadhara, lakini hawakuafikiana hata mkutano ulikuwa na ukubwa gani: huyu alisema watu mia hivi, yule zaidi ya elfu mbili. Ushahidi huo ulimpeleka kwenye hukumu ya kifo mwaka 2010. Mahakama ya Juu ilimwachia Oktoba 2018, baada ya miaka minane ya kungoja kunyongwa. Mimi naamini huo ni ukatili, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Dola haijamnyonga mtu yeyote kwa kosa hili. Wanaoua ni watu wa nje ya mahakama. Gavana wa jimbo la Punjab, Salman Taseer, aliuawa na mlinzi wake Januari 2011 kwa kumtetea Asia Bibi. Waziri Shahbaz Bhatti, Mkristo, akafuata Machi. Wakili Rashid Rehman, aliyemtetea mshtakiwa wa kosa hili, alipigwa risasi ofisini kwake 2014. Waislamu wenyewe wanashtakiwa kwa wingi, ila kwa Mkristo au Mwahmadiyya (mfuasi wa jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo sheria ya Pakistan haiitambui kuwa ya Kiislamu) tuhuma moja yaweza kuhamisha mtaa mzima.

Kwa hiyo usiyarudie maneno yanayodaiwa kutamkwa, hata kwenye ripoti ya ndani, na usitaje kijiji cha ndugu za mshtakiwa. Mteja wako akiachiwa, faili usilifunge siku hiyo. Uliza usiku huo atalala wapi, watoto wako kwa nani, nani atamvusha mpaka. Asia Bibi aliachiwa Oktoba, na hadi alipofika Kanada mwaka uliofuata alikuwa akifichwa.