Kofia ya kiangazi kwa mwanaume: shika rula kwanza, kioo baadaye

Mkuu uliyeuliza mwanaume avae kofia gani kiangazi hiki, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema unashinda nje, nywele zimeanza kupungua utosini, kichwa chako kikubwa kofia nyingi zinakubana, na unataka kitu ambacho hata ukienda nacho kwenye mkutano hakikuaibishi. Wengi wamekujibu kwa rangi na staili, sio vibaya, ila mimi naomba nianzie kwingine kabisa maana hili jambo nimelijua kwa gharama.

Mimi kazi yangu ni kupima ardhi. Yaani ni kusimama wazi na mashine ya kupimia toka asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, na kwa miaka kama 11 hivi nilivaa kapelo tu, nyeusi, ikichakaa nachukua nyingine ileile. Niliamini kabisa nimejikinga, si kichwa kimefunikwa? Kumbe masikio yapo nje, shingo ipo nje, mashavu nayo nusu yapo nje. Sikio la kushoto likaanza kuota kagamba, kanabanduka kanarudi, ukikagusa kanakwaruza kama msasa, nikawa napaka mafuta nikijua ni ukavu wa ngozi tu. Mke wangu ndo alinisukuma niende kwa daktari wa ngozi. Daktari akaangalia akasema hilo ni doa la jua la miaka mingi, bado sio saratani ila ni la aina inayoweza kugeuka ukiliacha, akaligandisha kwa naitrojeni ya baridi kali palepale (inauma kama umechomwa na moto aisee) alafu akanikagua kichwa chote. Alipomaliza akaichukua kapelo yangu mezani akaniuliza, hii inakukinga nini? Nikakosa jibu. Akanijibu mwenyewe, paji la uso na pua kidogo, basi.

Ndio maana nakwambia kofia ya kiangazi unaichagua kwa ukingo kwanza, mengine yote yanafuata nyuma. Ukingo uzunguke pande zote, na upana wake uwe sentimita 7.5 au zaidi. Hiyo namba sio ya kwangu, Cancer Council ya Australia, shirika la kupambana na saratani, ambao toka 1981 wanahimiza watu wavae shati, wapake losheni ya jua na wavae kofia, ndio wanaoitaja kwa watu wazima. Zile kofia laini za kitambaa zenye kina, ambazo ukingo wake unainama kuelekea chini, wao wanakubali hata sentimita 6 kwa sababu ule mwinamo unashusha kivuli chini zaidi. Sasa wewe nenda dukani na rula, sikutanii, nenda na rula, maana pama nyingi za mtindo ukingo wake ni sentimita 4 au 5, kwenye picha unaona pana kwa sababu aliyeivaa ana uso mwembamba. Mimi nimeshika kofia imeandikwa kabisa ukingo mpana, nikapima nikakuta 5.

Na usivuke sana upande wa pili. Ukipita sentimita 10 upepo unaichukua kama tanga, na ukibeba begi mgongoni ukingo wa nyuma unagonga begi kila ukiinua uso, mwisho unaivua unaishika mkononi, na kofia iliyo mkononi haikusaidii chochote.

Kapelo siitupi moja kwa moja. Ukikimbia asubuhi mapema, ukiendesha gari, ukitoka mlangoni mara moja na kurudi, inatosha. Na kuna zile zenye kitambaa kinachoning'inia nyuma kinafunika masikio na shingo, hizo ni nzuri sana kuliko watu wanavyozichukulia, kwa kazi ya kuinama inama zinaishinda hata pama, kwa sababu ukiinama pama inahamisha kivuli chake chote mbele na shingo inabaki uchi. Ila ikae kapelo ya kitambaa kizima. Zile za neti nyuma kwa mtu ambaye nywele zimepungua ni mtego, jua linapita kwenye matundu. Nina mwenzangu kazini ananyoa upara, alivaa ya neti siku nzima, jioni utosi una vidoti vyekundu vimepangana vizuri kama amechorwa.

Haya sasa tuje kwenye kitu inachotengenezwa nacho, hapa ndipo watu wanapoibiwa macho. Ukishika kofia yoyote ya kiangazi inyanyue kwenye mwanga ukiangalia kwa ndani. Ukiona vidoa vya mwanga vinapenya ovyo jua nalo litapenya hivyohivyo. Ufumaji uliobana ndio kinga yenyewe, kuliko hata unene. Kofia za michezo na za kupanda milima mara nyingi zinaandikwa UPF, na maana yake ni rahisi, UPF 50 inamaanisha kitambaa kinapitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya mionzi ya UV, ile ya jua inayounguza ngozi, yaani asilimia 2, UPF 30 inapitisha kama asilimia 3 na ushee. Ikiandikwa 50 umefika, usijisumbue kutafuta zaidi. Ila kumbuka hiyo ni ya kitambaa, haihesabu ukingo, unaweza ukakuta kapelo ya UPF 50 na masikio yako bado yanaungua.

Pamba ni nzuri, laini, haichomi ngozi, lakini inanyonya jasho na inakaa nalo, saa nane mchana ni kama umevaa taulo mbichi. Kwenye joto kavu hilo linaweza kuwa faida, unailowesha kwa makusudi maji yakikauka yanakupoza kichwa, nafanya hivyo sana. Kwenye joto la unyevu haifanyi kitu, maji hayakauki. Na pamba nyepesi ikilowa inapitisha mionzi zaidi kuliko ikiwa kavu, kwa hiyo isiwe ile nyembamba unayoona vidole upande wa pili. Kitani kinapumua vizuri kuliko pamba na kinapendeza ila kinakunjamana, lazima uwe mtu usiyejali mikunjo. Nailoni na poliesta nyembamba zinakauka haraka sana, hazivutii machoni lakini kwa mtu anayetoka jasho kama mimi ndio nimeishia huko kwa siku za kazi.

Alafu kuna za majani, na hizi nazipenda kwa moyo wote kwa hiyo nivumilie kidogo. Pama ile nyeupe maarufu, ambayo dunia nzima inaiita ya Panama, asili yake ni Ekuado. Inafumwa kwa mkono kwa nyuzi za mmea unaoitwa toquilla, unafanana na mnazi mdogo lakini sio mnazi, na mji wa Montecristi ndio unaosifika kwa zile nzuri kupita zote. Jina la Panama limekuja kwa sababu ndiko zilikopitia kuuzwa, wasafiri waliokuwa wanakimbilia dhahabu ya California toka 1849 walikatiza pale wakanunua, baadaye wakaja wachimba Mfereji wa Panama, na Rais Theodore Roosevelt wa Marekani akapigwa picha akiwa nayo alipotembelea mfereji 1906, basi jina likaganda. UNESCO iliuweka ufumaji wake kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2012. Nakwambia haya yote kwa sababu ukijua kwamba kofia moja nzuri sana inaweza kumchukua fundi miezi, utaishika kwa heshima, na utajua kwanini ile uliyoiona inafanana nayo kwa bei ya kutupa sio yenyewe.

Ile nyingine mara nyingi ni karatasi. Ni kweli, nyuzi za karatasi zimesokotwa zikafumwa kwa mashine, kwa mbali huwezi kutofautisha. Sio dhambi kuinunua, kwa safari mbili tatu inafaa, lakini jasho na mvua vinaimaliza. Yangu ya kwanza ilinyeshewa mara moja ukingo ukavimba, ilipokauka ukawa na mawimbi haukurudi tena. Namna ya kutambua: geuza uangalie juu katikati ya utosi kwa ndani, ya mkono utaona ufumaji unaanzia pale kwenye kitovu na kutanuka kwa miduara na nyuzi haziko sawasawa kabisa, zina rangi rangi kidogo, ya karatasi kila uzi ni pacha wa mwenzake.

Na ukishapata ya kweli usiishike kwa kuminya ile mikunjo ya mbele juu, wote tunafanya hivyo kwa sababu ya sinema, pale ndipo inapopasuka. Ishike kwa ukingo, mikono miwili. Usiiache ndani ya gari lililoanikwa juani, majani yakikauka kupita kiasi yanakuwa kama biskuti. Usiilaze kwa ukingo wake, igeuze utosi uwe chini au itundike. Kuhusu kuikunja na kuiweka kwenye begi kama wanavyoonyesha wauzaji, mimi sifanyi na sikushauri.

Rangi. Nje iwe ya mwanga, nyeupe, krimu, kaki, kwa sababu ya joto. Kitambaa cheusi kwa ufumaji uleule kinazuia mionzi vizuri kuliko cheupe, hiyo ni kweli, ila ukichukua cheupe kilichobana huna cha kupoteza na kichwa hakipikiki. Kitu ambacho hakuna aliyekutajia ni rangi ya chini ya ukingo, ule upande unaoutazama wewe. Iwe nyeusi au kijani kibichi au kahawia. Ukiwa nyeupe, mwanga unaotoka chini unagonga pale na kurudi usoni na machoni. Na mwanga wa chini ni mwingi kuliko unavyodhani, mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya mionzi ya UV, povu la bahari kama asilimia 25. Ndio maana mtu anakaa ufukweni chini ya mwamvuli na bado anarudi amebabuka pua. Kofia haiwezi kukinga kinachotoka chini, hapo ni losheni na miwani tu, na losheni usisahau masikio tafadhali, mbele na nyuma.

Sasa kichwa chako kikubwa. Hili ndilo linalowafanya wanaume wengi waseme kofia hazinipendezi, kumbe hajawahi kuvaa saizi yake hata siku moja. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha katikati ya paji la uso, juu kidogo ya masikio, upite pale kisogo kilipotokeza zaidi, soma sentimita. Kofia nyingi za saizi moja kwa wote zinalenga 57 mpaka 59. Mimi ni 61. Miaka yote nilikuwa naondoka na alama nyekundu kwenye paji na kichwa kinaniuma mchana, nasema ni jua, kumbe ni kofia. Ukipata 61, 62, 63 tafuta zinazouzwa kwa namba, zipo, usikubali herufi tu kwa sababu L ya huyu ni XL ya yule. Ukiwa katikati ya namba mbili chukua kubwa, alafu ndani ya ule mkanda wa jasho unapachika kipande chembamba cha sponji upande wa nyuma. Kubwa unaipunguza, ndogo ya majani huitanui, inapasuka. Ikae juu ya masikio bila kuyakunja, na kidole kimoja kipite kati ya kofia na paji.

Na juu ya utosi pabaki nafasi ya hewa. Kofia inayolala juu ya ngozi inakupikia hewa yako mwenyewe, hasa wewe ambaye nywele zimepungua, hakuna kitu katikati. Chagua yenye kina, na kama ina vitundu vya hewa viwe pembeni, visiwe juu kabisa.

Umbo la uso sitalizungumzia sana, watu wanalikuza. Uso mpana usichukue kofia fupi yenye ukingo mdogo, uso mwembamba mrefu usichukue yenye kichwa kirefu kilichosimama. Hayo mengine ni kuzoea. Wiki ya kwanza na pama yangu nilihisi kila mtu ananitazama, ya tatu watu wakaanza kuniuliza nimeitoa wapi.

Kwako wewe ningechukua mbili. Ya kazi iwe ya nailoni iliyobana, UPF 50, ukingo sentimita 7.5, kaki nje na nyeusi chini, na iwe na kamba ya kidevuni, kamba ikiwa na kifungo cha kuteleza, maana siku ya upepo utainyima hata nafasi ya kuruka. Unaifua kwa mkono maji ya baridi na sabuni kidogo, unaikausha kivulini juu ya bakuli ili umbo lirudi. Ya mkutano iwe ya majani ya kweli, rangi ya krimu na utepe mweusi au wa kahawia, ukingo uleule wala usiupunguze kwa ajili ya mtindo, ukiingia ndani unaivua unaiweka mezani kichwa chini.

Pima kichwa leo uniandikie namba hapa, pia useme ukiwa kazini unasimama au unainama zaidi, kama ni wa kuinama nitakubadilishia hiyo ya kwanza iwe ya kitambaa cha nyuma.